RAID kwenye SSD: kabla hujaagiza kadi ije Lamu

Kijana anayeanza kazi ya seva huku kwetu Lamu hukutana mapema na swali hili: tununue kadi ya RAID, yaani ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, au tuiachie Linux ipange diski yenyewe? Mimi nilianza nikiamini kadi ni lazima. Nilivyofundishwa vilikuwa vya zama za diski za kuzunguka, na kwa diski hizo vilikuwa kweli.

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Maana yake, kwa wastani unangoja zaidi ya milisekunde 4 data ifike chini ya kichwa, na hapo hujahesabu muda wa kichwa kusogea. Kadi nzuri ina kumbukumbu yake na betri: hupokea data, hujibu kwamba imeshaandikwa, kisha huishusha kwenye diski kwa mpangilio wake. Hiyo ndiyo siri ya kasi yake. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka. Hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, pengine upesi zaidi, kwa hiyo ule ungojaji ambao kadi ilikuwa ikiuficha haupo tena. Kinachobaki ni safari ya kupita ndani ya kadi.

Piga hesabu mwenyewe. SSD ya SATA hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, kwa kuwa njia yake ni ya gigabiti 6. Nane zikisoma pamoja ni megabaiti 4,400. Kadi ya zamani ya PCIe 2.0 (PCIe ndiyo njia ya kadi kuongea na mashine) yenye njia nane haivuki 4,000, hata kwa nadharia. Umelipia kadi, nayo ndiyo inayokubania.

Ile hofu ya prosesa kulemewa na hesabu za pariti, ile data ya ziada ya kurudishia kilichopotea diski ikifa, imepitwa na wakati. Washa mashine, andika dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, utafute mistari ya raid6: Linux hujipima yenyewe na kukuonyesha kasi yake, na kwenye prosesa za siku hizi utasoma maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Tatizo halisi liko kwingine. RAID 5 ya Linux, ile inayotumia pariti, ukiiacha ilivyo, hushughulikia uandishi kwa uzi (thread) mmoja tu. Msingi (core) mmoja wa prosesa unachoka huku mingine imelala, nawe unasema programu ni goigoi. Ongeza group_thread_count, yaani idadi ya nyuzi hizo, kisha upime upya. Hata hivyo kila maandishi madogo kwenye RAID 5 hudai kazi nne: kusoma data ya zamani na pariti yake, kisha kuandika zote mbili mpya. Kwa hifadhidata mimi huweka RAID 10, inayotunza nakala badala ya pariti, wala sibishani na mtu.

Kadi ina nafasi yake bado, hasa pale SSD zako zinapokuwa za bei nafuu, zisizo na kapasita za kuzilinda stima ikipotea. Lakini ichunge betri. Joto la pwani huizeesha upesi, na ikichoka, kadi nyingi huacha kujibu kabla data haijafika kwenye diski. Kasi ya kuandika inaanguka siku ambayo hukugusa kitu. Uliza pia kama kadi inapitisha TRIM, agizo la kuijulisha SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena. Nyingi hazipitishi. Linux huipitisha kwenye RAID 1 na RAID 10.

Katika kupima ndipo nimeona wageni wakijidanganya sana. SSD iliyotoka kwenye boksi hukimbia kuliko itakavyokimbia baada ya miezi. Ijaze yote mara mbili kwanza. Tumia fio, programu ya kupimia diski, na direct=1, usije ukapima RAM ukadhani ni diski. Soma /proc/mdstat uhakikishe diski zimeshamaliza kulinganishwa kwa mara ya kwanza. Tena pima foleni ya ombi moja na ya maombi 32, kwa diski zilezile na mashine ileile.

Kuna jambo ambalo fio haipimi. Kadi ya seva ya ofisi moja hapa Amu iliwahi kufa. Diski zote zilikuwa nzima, data yote ipo, lakini hakuna aliyeweza kuisoma bila kadi ya jinsi ileile. Tukaagiza Nairobi. Kadi ikapanda basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, na siku zote hizo watu walikuja dirishani wakarudi mikono mitupu. Iliniuma sana, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipendekeza. Seva iliyofuata niliijenga kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux. Ubao wake ulipoharibika, nilihamishia SSD kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa karibu, nikaandika mdadm --assemble --scan, na kabla ya adhuhuri dirisha lilikuwa wazi.