Usilipie oda ya kabla, uliza kwanza muuaji katokea sura ya ngapi

Dada, usitume hiyo pesa. Kama umeshaanza kukusanya michango, simamisha leo leo, salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada yuko Bagamoyo, ana kikundi cha kusoma, na wanataka kuagiza katoni nzima ya riwaya mpya ya upelelezi ya yule mwandishi anayetamba mitandaoni. Malipo ni kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Wamesoma sura tatu za bure, wamepagawa. Anauliza kama bei ni ya haki, kikundi kigawane vipi sura ili watu wasichelewe, na kama kitawafaa vijana wa sekondari. Mimi niko Tanga. Kitabu cha mwandishi huyo huyo kilichotangulia, kile ambacho mauaji yanatokea huku kwetu, ndicho kilichokimaliza kikundi chetu. Kwa hiyo nisikilize.

Hizo sura tatu za bure zisikupumbaze. Hata chetu kilianza hivyo. Alfajiri, Raskazone, wavuvi wanarudi, mmoja anaona kitu kimelala kwenye mawe. Maiti ya mhasibu wa shamba la mkonge, kamba shingoni, viatu vimevuliwa na kupangwa vizuri pembeni. Nani alivivua? Kwa nini avipange? Nakwambia tulisoma tukasahau chai. Mwandishi huyu kuanza anajua, hilo simnyimi. Lakini mwanzo wa hadithi ya mauaji ni rahisi: unaweka maiti, unaweka maswali. Kazi ni kuyajibu. Na hawa wanaoandika kwa sehemu za kila siku kwenye simu, leo sehemu ya nne, kesho ya tano, "itaendelea", wengi wanaanza bila kujua wataishia wapi. Viatu vilivyopangwa mwanzoni vinasahaulika huko mbele, kwa sababu kila siku lazima kitokee kishindo kipya ili watu walipie sehemu inayofuata. Ikifika siku ya kukusanya zile sehemu kuwa kitabu, hakuna anayerudi nyuma kuhesabu viatu.

Sasa ngoja nikueleze kilichotukuta, maana naona unakwenda pale pale.

Sisi tulikuwa tunakutana Jumamosi jioni barazani, Ngamiani. Watu wa kawaida kabisa: mwalimu, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mama mmoja muuza vitenge, na mzee mstaafu wa mashamba ya mkonge. Kuna mchambuzi mmoja wa vitabu mtandaoni, ana wafuasi wengi, anashika kitabu mkononi na kikombe cha kahawa pembeni. Akakisifia kile kitabu mpaka akataka kulia. "Hutaamini muuaji ni nani." Mimi ndiye niliyeipeleka ile video kwenye grupu letu, mimi ndiye niliyekusanya shilingi 15,000 kwa kila mtu. Kijana wa bodaboda alilipa kidogo kidogo, elfu mbili mbili, na alikuwa anauliza kila akipita: "Kaka, kimeshafika?"

Kikafika. Tukakubaliana kwenda pamoja, sura chache kwa wiki, asiwepo wa kuruka mbele. Yule mama muuza vitenge alinunua daftari dogo la mistari. Kila mshukiwa akampa ukurasa wake: mke wa marehemu, mshirika wake wa biashara, karani wa ofisini, mganga wa Pongwe. Chini ya kila jina anaandika saa: huyu saa mbili usiku alikuwa wapi, nani alimwona, alivaa nini. Kwa wino mwekundu anapigia mstari uongo. Akishaandika anatufungia kesi kama hakimu. Fundi cherehani alikuwa anamtetea yule karani kufa na kupona. Watu waliacha kuangalia mpira kwa ajili ya ubishi ule. Hicho ndicho tulichokuwa tumenunua, dada. Karatasi tu hatukuzihitaji, tulinunua ule ubishi na ile ahadi kwamba mwisho wake kuna jibu.

Mpasuko wa kwanza ulitoka kwa mzee wa mkonge. Mpelelezi anaiokota ile kamba, anainusa, anazisugua singa, yaani zile nyuzi za mkonge, kwa vidole, halafu anatangaza kwamba jani lake limekatwa asubuhi ile ile katika shamba fulani, kwa hiyo muuaji katoka shamba hilo. Kesi nzima imekaa juu ya ushahidi huo. Mzee alinyamaza, akasoma tena, akavua miwani. Akatuambia: jani likikatwa linafungwa mzigo, linapelekwa kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani, linakwanguliwa kwa maji mengi, singa zinatoka zimelowa. Zinaanikwa juani mpaka zikauke. Kisha zinapigwa brashi, zinapangwa kwa madaraja, zinafungwa robota. Kamba inasokotwa baada ya yote hayo. Kamba ya jani lililokatwa leo asubuhi haiwezi kuwa shingoni mwa mtu leo usiku. Mkoa huu unaishi na mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Mtu anaandika mauaji ya mashamba ya mkonge Tanga, anashindwa kumuuliza hata kibarua mmoja?

Tukajipa moyo. Tukasema labda ni mtego, labda mpelelezi anamdanganya mshukiwa kwa makusudi na ukweli utatoka mbele. Wasomaji tuna huruma sana, tunamtafutia mwandishi visingizio ambavyo mwenyewe hakuvifikiria.

Halafu ukaja mwisho. Zimebaki sura mbili kitabu kiishe, anashuka mtu kwenye basi kutoka Mombasa. Hajawahi kutajwa. Hakuna barua yake, hakuna picha ukutani, hakuna jirani aliyewahi kusema marehemu ana ndugu. Huyo ni pacha wa marehemu, wamefanana kama sahani mbili, na ndiye muuaji. Sababu: urithi wa shamba ambalo nalo ndiyo kwanza tunalisikia. Mpelelezi amemjuaje? Amemwota. Nasema kweli, amelala akaota sura ya marehemu inatabasamu, akaamka anajua kila kitu. Wanakimbizana hadi kwenye mapango ya Amboni usiku, na ndani kabisa ya pango mwanga wa mbalamwezi unamulika uso wa muuaji! Yeyote aliyeingia Amboni anajua kwamba ukipita vyumba vya mwanzo, mwenye kukutembeza akizima tochi huoni hata kiganja chako, mbalamwezi itapitia wapi? Na vile viatu vilivyopangwa pembeni ya maiti? Mpaka kitabu kinaisha havikutajwa tena hata mara moja.

Yule mama alifungua daftari lake, akapitia kurasa zote, taratibu. Akauliza, "Sasa mimi nilikuwa naandika nini?" Hakuna aliyemjibu. Ni sawa na kucheza bao na mtu aliyeficha kete mfukoni: unahesabu, unapanga, unajiona unaelekea kumla, kumbe mchezo wenyewe hukuwa ndani yake. Jumamosi iliyofuata walikuja watu watatu. Kijana wa bodaboda hakurudi tena, na sikuweza kumpigia.

Nilimwandikia yule mchambuzi. Kwa adabu kabisa, nikamuuliza: ulipokisoma, ule mwisho hukuuona? Akanijibu kwamba alisoma "sehemu ya kutosha kuelewa mwelekeo". Sehemu ya kutosha! Alipewa nakala ya bure, akasoma zile zile sura tatu tulizosoma sisi, akakaa mbele ya kamera akasema hutaamini muuaji ni nani. Na yeye hakumjua! Watu wamelipa pesa ya mboga kwa neno lake. Hili linaniuma kuliko kitabu chenyewe. Mwandishi anaweza kushindwa, kumaliza hadithi ya mauaji ni kazi ngumu, hata wakubwa wameshindwa. Lakini mtu anayejiita mchambuzi na hajafika mwisho wa riwaya ya upelelezi hana alichochambua, kwa sababu riwaya ya aina hiyo yote imeegemea mwisho wake. Na naona ndiye huyo huyo uliyeweka video yake hapo juu kama ushahidi kwamba kitabu kipya ni moto. Ndiyo maana nimeandika kwa haraka hivi.

Sasa shika hili moja, mengine acha. Kabla hujalipa senti, mtafute mtu aliyekisoma kitabu mpaka mwisho, umuulize: muuaji tulikutana naye kwa mara ya kwanza sura ya ngapi? Usiulize jina, hutaharibu uhondo. Uliza namba ya sura tu. Akikwambia ya pili, ya tatu, hata ya sita katika kitabu cha sura thelathini, nunua. Akikwambia "aa, huyo anakuja mwishoni mwishoni", rudisha pesa za watu. Na kama hakuna hata mtu mmoja aliyekimaliza kwa sababu hakijachapwa, basi oda ya kabla ni kununua mwanzo kwa bei ya kitabu kizima.

Na hili si jambo nililojitungia kwa hasira. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za hadithi hizi. Ya kwanza kabisa: mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema katika hadithi. Nyingine: mpelelezi asisaidiwe na bahati wala hisia zisizo na maelezo. Nyingine: kila dalili anayoipata mpelelezi, msomaji aonyeshwe hapo hapo. Na ya kumi, dada, ya kumi ni kwamba mapacha wasitokee bila msomaji kuandaliwa. Karibu miaka mia! Mwaka uliofuata waandishi wa Uingereza wakaunda chama chao, na mwanachama alikuwa anakula kiapo kwamba hatamficha msomaji dalili muhimu. Kiapo, mbele ya wenzake. Kumbe wenyewe waliona hii ni amana baina yao na msomaji.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema "ni hadithi tu, msomaji hana haki ya kumdai mwandishi". Wasomaji wamedai siku zote, na wamesikilizwa. Mwandishi Conan Doyle alipomuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, mwaka 1893, watu walimwandikia barua za hasira na wengine wakaacha kulinunua jarida lililokuwa likichapa hadithi zake, na mwaka 1903 akamfufua. Sisi wala hatutaki makubwa hivyo. Hatusemi mwandishi abadilishe muuaji ili atufurahishe. Tunasema atuwekee muuaji mezani pamoja na wengine, halafu atushinde kwa akili. Nikishindwa kihalali, nafurahi, nanunua kinachofuata nikiwa nakimbia.

Jambo moja nisije nikaeleweka vibaya. Zipo riwaya ambazo adui unamjua tangu mwanzo, raha yake ni kufukuzana. Wengi wetu tumekulia kwa Willy Gamba na Joram Kiango, wale mashujaa wa riwaya za Musiba na Mtobwa, na huko mara nyingi swali ni kama shujaa atatoka hai, nani kafanya linakuja nyuma. Kanuni yangu huko usiipeleke, utajinyima vitabu vizuri bure. Lakini kitabu kikikuuliza "nani kaua?" kwenye jalada, kama hiki mnachotaka kuagiza, kinakuwa kimeingia mkataba na msomaji, na lazima kipimwe kwa mkataba huo.

Na mwandishi huyu sitaki afungiwe milango. Ana jicho. Zile kurasa za wavuvi pale Raskazone, harufu ya dagaa, namna mke wa marehemu anavyokunja khanga yake huku anaulizwa maswali, hizo ni kurasa nzuri na nilizisoma kwa sauti kwa watu. Angekaa na kitabu kile mwaka mmoja zaidi, angemtaja yule pacha hata mara moja tu, picha ya watoto wawili kwenye kabati la vyombo, basi mama wa daftari angepiga kelele ya furaha badala ya kufunga kurasa zake kimya. Anaharakishwa na wanaomshangilia sura za mwanzo na wanaomlipa kabla. Mkilipa kabla, na ninyi mnamharakisha.

Umeandika kwamba oda inafungwa Ijumaa. Basi una muda. Mwandikie mwandishi au wakala wake ujumbe mfupi: tuko tayari kununua katoni nzima siku kitabu kikitoka na mtu wetu mmoja akishakimaliza. Kama wana imani nacho, watawatunzia nakala. Nunueni moja, mpeni msomaji wenu mgumu kuliko wote, yule asiyesifia ovyo, akae nacho mpaka mwisho bila kumsimulia mtu. Akirudi, muulizeni lile swali. Namba ya sura utakayoambiwa iandike hapa kwenye uzi, kuna watu wa Muheza na Korogwe nao wanachangishana.