Saa zilizokatwa ni za nani?

Swali lenu la wiki hii ni kama wakili kijana anastahili kupimwa kwa saa anazomtoza mteja. Nimejaza karatasi za muda kwa miaka, na siku hizi nakagua za wengine. Nasema apimwe, ila kipimo kilivyo sasa kinamwonea.

Siku ya wakili hukatwa vipande vya dakika 6, kumi kwa kila saa. Simu fupi ni kipande kimoja, na kila kipande kinaandikiwa maelezo, kwa kuwa mteja atayasoma kwenye ankara. Mwaka 1958 Chama cha Wanasheria cha Marekani kilitoa kijitabu kilichokadiria kwamba wakili anaweza kutoza saa 1,300 hivi kwa mwaka. Leo katika kampuni kubwa za huko lengo la saa 1,900 au 2,000 ni la kawaida, ingawa mwaka haujaongezwa hata siku moja.

Chukueni hizo 2,000. Tuseme robo ya muda wa kazini haitozwi: vikao, mafunzo, barua pepe za ndani, chakula cha mchana. Basi atahitaji saa 2,667 kazini. Kwa wiki 48 ni kama saa 56 kila wiki, na hapo hajaugua wala hajafiwa.

Hata hivyo, idadi hiyo si kero yangu kubwa. Kero ni saa zinazokatwa. Kijana anatumia saa sita kuandaa maoni ya kisheria juu ya jambo ambalo hajawahi kuligusa. Mbia, yaani wakili mkubwa mwenye hisa katika kampuni, anaona mteja hatakubali kulipia zote, anakata tatu. Kwa mteja ni haki kabisa: kwa nini alipie masomo ya mtu? Lakini ziko kampuni ambazo zile tatu hutoweka pia kwenye hesabu ya kijana, kana kwamba alikuwa amelala.

Kijana mwerevu hujifunza haraka. Safari ijayo anajikatia mwenyewe, anaandika tatu ili asionekane mzito. Kampuni nayo inaamini kazi ile ni ya saa tatu, na atakayefuata anapewa tatu. Mwingine anaona heri aandike saa ambazo hakuzifanya, na huo ni wizi, tuuite kwa jina lake. Wakati huohuo wakubwa wanakwepa kufundisha, maana nusu saa ya kumwelekeza mdogo haina mteja wa kulipa.

Wanaosema tutoze bei moja kwa kazi nzima wanamsaidia mteja. Ndani ya ofisi saa zinaweza kuendelea kuhesabiwa vilevile. Mimi ningetaka kijana ahesabiwe saa alizofanya kabla mbia hajakata, na mkubwa ahesabiwe muda wa kufundisha. Tena awepo mtu mmoja anayeona mzigo wa kila mtu kabla kazi mpya haijagawiwa. Wabia watatu humpa kijana mmoja kazi, kila mmoja akidhani ni wa kwake peke yake, na kijana hana ubavu wa kumkatalia yeyote.

Anayekwenda kwenye usaili asiishie kuuliza lengo ni saa ngapi. Aulize pia saa anazokata mbia zinatolewa kwenye hesabu ya nani, na kama jibu hilo limeandikwa popote.