Sensa ya Unyevu na Feni ya Bafuni: Usitegemee Kiwango Kimoja

Wengi wanaofunga sensa ya unyevu ili iendeshe feni ya kutolea hewa bafuni huchagua kiwango kimoja, tuseme asilimia 70, na kuiamuru feni iwake kila kinapopitwa. Mpango huo hufaa wakati wa ukavu tu. Mvua zikinyesha mfululizo, hewa ya nje yenyewe huweza kupita asilimia 80, na feni itanguruma usiku kucha bila mtu kuoga, huku ikivuta ndani hewa yenye unyevu uleule inaojaribu kuutoa.

Ninachokipendekeza, baada ya kuishi na mfumo huu, ni kutumia sensa mbili, moja bafuni na nyingine kwenye korido, kisha kuangalia tofauti yake. Kwangu feni huwaka unyevu wa bafu unapouzidi wa korido kwa pointi 15 za asilimia, na huzima tofauti inaposhuka hadi 5. Nafasi hiyo kati ya kuwasha na kuzima isipuuzwe, kwa kuwa bila hiyo rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme kuiwasha na kuizima feni, itakuwa ikigonga tak-tak kila usomaji unapoyumba kidogo. Mwenye sensa moja anaweza kupima kasi ya kupanda: maji ya moto hupandisha unyevu kwa dakika chache, ilhali mabadiliko ya hali ya hewa huchukua saa nyingi.

Kabla ya kuzifunga, ziache sensa zote mbili mezani, bega kwa bega, usiku mzima. Hata SHT31, aina ya sensa ambayo ninaipenda kuliko aina ya DHT22, ina kosa la takriban asilimia 2, kwa hiyo hazitasoma sawasawa. Andika tofauti unayoiona, kisha uiondoe katika hesabu za programu.

Mahali pa kuifunga ya bafuni panahitaji fikra zaidi. Ikiwa juu ya bomba la mvua, matone huigandia na usomaji hukwama karibu na asilimia 100 hadi ikauke, hata kama chumba kimeshakauka. Ikiwa karibu na mlango, hupigwa na hewa kavu inayoingia na kudanganyika. Ukuta wa juu, mbali na maji, unatosha. Hakikisha pia chini ya mlango pana uwazi wa takriban milimita 10, maana feni isiyopata hewa ya kuingia hupiga kelele tu.

Upande wa umeme mkubwa ni kazi ya fundi umeme, hasa bafuni. Mota ya feni hutoa msukosuko wa volteji inapozimwa, hivyo rilei iwe na uwezo unaozidi mahitaji. Swichi ya ukutani nayo ibaki, ikiunganishwa sambamba na rilei, kwa sababu sensa ya unyevu haijui harufu, na kwa njia hiyo feni itawaka hata programu ikikwama.