Muulize Bi Fundi: Kompyuta imegoma kuwaka, ninunue pawa saplai ipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja. Umeme umekatika, umerudi, na kompyuta ya mezani haikurudi nao. Lawama huiangukia pawa saplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuupeleka kwenye madabodi, ile bodi kuu iliyobeba vifaa vingine. Nimeanza na ya Morogoro, na nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wanaonunua mashine za mitumba za ofisini ni wengi na mtego wake ni uleule.

Shikamoo Bi Fundi. Nina stesheneri hapa Msamvu. Kompyuta ninayochapia ni Dell OptiPlex 9020, ile ya keisi kubwa ya kusimama. Umeme ulikatika nikiwa nachapa kadi za mahafali, uliporudi mashine ikagoma. Nikibonyeza kitufe hakuna taa, hakuna feni, kimya kabisa. Fundi wa kwanza kaniambia madabodi imeungua, nitafute kompyuta nyingine. Wa pili anasema ni pawa saplai, na anayo mpya ya wati 500 kwa shilingi elfu 45, eti ni bora kuliko yangu ya wati 290. Nimsikilize yupi?
*Mama Stesheneri, Morogoro*

Marahaba, Mama. Usimsikilize hata mmoja mpaka mashine yenyewe iulizwe. Wa kwanza kahukumu bila kupima. Wa pili huenda ugonjwa kaupatia, ila dawa aliyonayo mgonjwa wako hawezi kuimeza, na nitakueleza kwa nini.

Anza ukutani. Chaji simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Kisha chomoa waya wa umeme wa monita uuchomeke kwenye kompyuta, maana mara nyingi waya hizo ni za aina moja. Plagi zetu za pini tatu nene zina fyuzi ndani, na fyuzi hiyo hufa bila kuaga. Nimeshaletewa hapa Ngamiani, Tanga, kompyuta iliyopanda basi kutoka Muheza, mwenyewe kaipakata njia nzima, na kilichokufa kilikuwa fyuzi ya plagi.

Kama waya ni mzima, geuza mashine utazame mgongoni, pale waya unapoingilia. Kwenye OptiPlex nyingi za rika hilo kuna kitufe kidogo na kitaa pembeni yake. Dell waliviweka kwa ajili ya siku kama hii. Waya ukiwa umechomekwa, bonyeza kitufe hicho. Kitaa kikiwaka kijani, pawa saplai ina uhai, na tatizo litafutwe kwingine. Kisipowaka, usikimbilie dukani bado. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa keisi, toa plagi mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kwenda kwenye madabodi, ile ya pini 8 na ile ya pini 4 iliyo karibu na prosesa (ubongo wa kompyuta), kisha rudisha umeme ujaribu kitufe tena. Kikiwaka sasa, maana yake pawa saplai ilikuwa inajizima yenyewe kwa sababu kuna kitu upande wa pili kinapiga shoti. Hapo ndipo fundi wako wa kwanza anaweza kuwa na hoja, ingawa kabla ya kuilaumu madabodi ningetoa kwanza diski ya kuhifadhia kazi (hadi diski), kidraiva cha CD na kila kilichochomekwa kwenye USB, kimoja kimoja. Kikibaki giza hata ikiwa peke yake, basi pawa saplai imekufa, na madabodi yako pengine haina kosa lolote.

Sasa hiyo ya wati 500. Pawa saplai za kawaida za madukani hufuata mpangilio wa ATX ulioletwa na Intel mwaka 1995. Plagi yake kubwa siku hizi ina pini 24, na inatoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, kila moja kwa rangi yake ya waya. OptiPlex 9020, mashine ya mwaka 2013, haifuati hivyo. Pawa saplai yake inatoa volti 12 tu, na madabodi ndiyo inayojitengenezea volti 5 na 3.3 kisha kuzigawa kwenye diski. Ndiyo maana ukifungua utaona waya wa hadi diski umetoka kwenye madabodi badala ya kutoka kwenye boksi la umeme. Plagi ya pini 24 itaingia wapi kwenye soketi ya pini 8? Haingii. Na fundi akianza kukata waya na kuunga kwa selotepu kwa kufuata rangi, mchukue mtoto wako utoke naye nje.

Zipo adapta za kutoka pini 24 kwenda pini 8 zilizotengenezwa kwa ajili ya Dell hizi. Zinafanya kazi, na kwa mtu anayetaka kuongeza kadi kubwa ya grafiki zina maana. Kwa anayechapa barua na kadi za mahafali, mimi ningetafuta pawa saplai ya Dell yenyewe iliyotolewa kwenye 9020 au 7020 nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Wanaouza mashine za mitumba huwa nazo, wamezirundika chini ya meza. Hakikisha imetoka kwenye keisi kubwa kama yako, ambayo ni ya wati 290. Ile ya keisi nyembamba ni ya wati 255 na umbo lake ni jingine, haitakaa. Piga picha lebo ya yako, na ukiweza ibebe kabisa mkononi ukalinganishe plagi kwa plagi, tundu la skrubu kwa tundu la skrubu. Wati 290 zinakutosha na chenji inabaki. Wati si mwendo wa gari kwamba zikizidi utafika mapema. Mashine huvuta inachohitaji tu.

Kuibadilisha hakuhitaji hata fundi. Piga picha ndani kabla hujagusa kitu. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kidogo ili umeme uliobaki uishe. Plagi zile zina kilimi pembeni. Kibonyeze kilimi ndipo uvute plagi yenyewe, usivute waya. Fungua skrubu nne za mgongoni, halafu tafuta ndani kibati kinachozuia boksi, kibonyeze, sukuma boksi mbele litatoka. Kuingiza mpya ni kinyume chake. Plagi ya pini 4 ya prosesa ndiyo watu husahau, kisha wanapiga simu usiku kwamba feni inazunguka lakini monita haionyeshi kitu.

Ukiwa na fedha baadaye, nunua UPS, boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ila printa yako ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, maana inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS ndogo itazidiwa. Printa ibaki ukutani. Kwa sasa umeme ukikatika chomoa kompyuta, uichomeke tena umeme ukishatulia.

Bi Fundi, habari za kazi. Niko Dodoma, nasoma chuo. Kompyuta yangu nimeiunga mwenyewe. Ina kadi ya grafiki ya RX 580 niliyonunua mtumba na pawa saplai ya wati 500. Nikifungua gemu, baada ya muda mfupi inazima papo hapo. Nimefanya lile jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka vizuri, kwa hiyo pawa saplai ni nzima. Je, kadi ndiyo mbovu?
*Mcheza Gemu, Dodoma*

Nzuri, mdogo wangu. Umefanya jaribio sahihi ukatoa jibu lisilo lake. Kuunganisha kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24 ni kuiambia pawa saplai iwake bila kusubiri madabodi. Feni ikizunguka umejua jambo moja tu, kwamba inaweza kuwaka ikiwa haijabeba mzigo. Yako inaanguka ikibebeshwa.

Tazama lebo ubavuni, na namba kubwa ya 500 iache kama ilivyo. Tafuta safu ya volti 12 usome ampea zake. Nakupa mfano wa maboksi mepesi ninayoyaona sana: volti 12, ampea 18. Zidisha, unapata wati 216. Hizo ndizo wati za kweli kwa kadi na prosesa, kwa sababu vyote viwili hula kwenye volti 12. AMD, waliobuni kadi hiyo, wenyewe wameipa RX 580 wati 185. Prosesa ya kawaida weka 65. Jumla 250, na hujagusa feni wala diski. Hapo kuzima si ugonjwa, pawa saplai inajiokoa. Shukuru kwamba yako inajua kujiokoa, maana nyingine huungua moja kwa moja.

Ukipata multimita, kile kipimo cha umeme, pima waya wa njano na mweusi wakati gemu linaendelea. Inatakiwa ibaki kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo mzigo ukiongezeka, umepata jibu lako. Pima pia waya wa zambarau kompyuta ikiwa imezimwa lakini imechomekwa. Huo lazima uwe na volti 5 wakati wote, ndio unaoiwezesha kuitikia kitufe.

Nunua yenye ampea 35 au zaidi kwenye volti 12, kutoka kampuni inayoandika hesabu zake zote kwenye lebo. Na ipime kwa mkono kabla ya kulipa. Pawa saplai ya wati 500 yenye uzito wa pakiti ya biskuti haina shaba wala bati la kupoza ndani, na mwenye duka anajua.

Asalaam aleikum Bi Fundi. Shemeji yangu kaniletea kompyuta kutoka Marekani. Nimenunua adapta ya plagi, nikachomeka, ikalia paa! na moshi ukatoka nyuma, hata sijabonyeza kitufe. Nyumba nzima imezima. Kompyuta yote ndiyo basi tena?
*Mwana wa Mkunazini, Unguja*

Waaleikum salaam. Pole, lakini usiitupe. Tazama mgongoni kama kuna kiswichi kidogo, mara nyingi chekundu, kimeandikwa 115 na 230. Bila shaka kimesimama kwenye 115, kwa sababu Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 na sisi ni 230. Kikiwa upande wa 115, ndani kuna kapasita (vikopo vinavyohifadhi umeme) mbili kubwa, kwa kawaida za volti 200 kila moja, zinazopangwa ili kuuzidisha umeme mara mbili. Umewapa volti 230, kila moja ikajikuta imebeba zaidi ya 300. Huo mlio ulikuwa wao. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la pini tu, volti zinapita vilevile.

Habari njema ni kwamba mlipuko wa namna hii mara nyingi huishia ndani ya boksi, na fyuzi hukatika kabla madabodi haijapata kitu. Weka pawa saplai nyingine, safari hii isiyo na kiswichi, iliyoandikwa 100-240. Ikiwa kompyuta ni ya kampuni kubwa, rudi juu usome niliyomwandikia Mama Stesheneri kuhusu plagi.

Bi Fundi shikamoo. Nasoma ufundi wa elektroniki mwaka wa kwanza. Nimepewa pawa saplai mbovu, naona kapasita zimevimba juu. Nikibadilisha zile tu si itapona? Nitazimaliza umeme kwa bisibisi kwanza.
*Fundi Mdogo, Korogwe*

Marahaba mwanangu. Bisibisi weka chini. Kapasita kubwa ya upande wa kuingilia umeme inakaa na volti kama 325, na ukiigusisha bisibisi inapiga cheche, inakula ncha, na inaweza kukurukia usoni. Huishushwa taratibu kwa rezista, kisha inapimwa kwa multimita kuhakikisha imeisha, tena mwalimu akiwa amesimama hapo. Zilizovimba bila shaka ni zile ndogo za upande wa kutolea. Kuzibadilisha kunaweza kuiponya, na kwa kujifunza ni kazi nzuri sana. Lakini kwenye kompyuta ya mteja mimi sirudishi pawa saplai ya bei ndogo iliyofunguliwa. Ikishavimbisha kapasita, joto limeshakula na vingine, na ikifa mara ya pili inaweza kuondoka na hadi diski yenye kazi za watu.

Pawa saplai yangu ya zamani ilikuwa ya waya za kuchomoa. Nimenunua nyingine ya waya za kuchomoa pia, ya kampuni tofauti. Naweza kuacha waya za zamani ndani ya keisi nikachomeka tu boksi jipya, nisihangaike kuzipitisha upya?
*Mvivu, Arusha*

Jina umejipa mwenyewe. Hapana, hata kama zinaingia. Upande wa madabodi na diski plagi zimekubaliwa na wote, lakini upande wa boksi kila kampuni imepanga pini inavyotaka, wakati mwingine hata kampuni moja inatofautiana toleo kwa toleo. Palipokuwa na volti 5 unaweza kukuta 12, na hadi diski haiulizi mara mbili. Toa waya zote za zamani, zifunge pamoja na boksi lake, na jioni moja ya kupitisha waya mpya haitakuua.