Anahesabu mpaka 100, lakini 8 na 5 zinamshinda
Dada, kuimba moja mpaka mia si kujua idadi. Ndiyo maana mwanao wa darasa la kwanza, ukimuuliza 8 na 5 ni ngapi, anaanza upya kwenye kidole cha kwanza. Vidole usimkataze. Mpe vizibo 10 vya soda, avipange mistari miwili, vitano vitano. Funika vitatu kwa kiganja, umuulize: vimefichwa vingapi? Akizoea kuona kwamba 7 ni 5 na 2, na kwamba inadai 3 kufika 10, ile 8 na 5 ataivunja mwenyewe: achukue 2 kwenye 5, ajaze 10, zibaki 3. Dakika chache baada ya chakula zinatosha. Jedwali la kuzidisha lisubiri, hata mwalimu wa tuisheni akinuna.