Gari linatetemeka tena baada ya kubadilisha diski: pima kabla ya kununua nyingine

Umeeleza kwamba gari lako lilikuwa likitetemeka unapofunga breki kutoka mwendo mkubwa, ukabadilisha diski za mbele (sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu) na pedi zinazozibana, likatulia, na sasa, baada ya miezi michache, mtetemo umerudi na fundi anakwambia diski zile zilikuwa hafifu, ununue nyingine. Mimi nisingenunua bado. Diski mbovu tangu dukani huonyesha ubovu wake mapema, lakini mtetemo unaojijenga polepole kwa kawaida unatokana na kitu kilichoachwa nyuma ya diski wakati wa kufunga, na seti ya tatu itaharibika kwa njia ileile.

Thibitisha kwanza kwamba tatizo ni la mbele kweli. Usukani ukitikisika mikononi, chanzo huwa mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na sakafu vikatetemeka, shuku breki za nyuma, hasa kama ni za dramu, yaani ngoma ya chuma inayosuguliwa kwa ndani na shuu za breki, kwa maana dramu iliyopoteza uduara wake huzisukuma shuu hizo katika kila mzunguko. Kama breki yako ya mkono ni ya waya na inafunga magurudumu ya nyuma, tafuta barabara kavu, iliyonyooka na isiyo na magari mengine, kisha ukiwa katika mwendo wa wastani uivute taratibu huku umebonyeza kitufe chake ili isijifunge. Mtetemo ukitokea hapo, diski za mbele hazihusiki. Gari linalotikisika hata bila kugusa breki lipelekwe kwanza kupimwa balansi ya magurudumu, na kanyagio linalodunda kwa kasi unapofunga breki kwenye changarawe au utelezi ni ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, inayofanya kazi yake.

Tukichukulia kwamba ni mbele, inafaa kuelewa kinachotokea. Diski haipindi kwa joto kirahisi kama inavyodhaniwa. Mara nyingi zaidi imekaa upande kidogo juu ya habu, yaani kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake, kwa hiyo inapozunguka inayumba, na sehemu yake moja inaigusa pedi katika kila mzunguko hata mguu wako ukiwa mbali na kanyagio. Mwanzoni huhisi chochote, kwa kuwa kalipa, kifaa kinachoshika pedi na pistoni inayozisukuma, inaweza kuufuata myumbo huo. Lakini mguso huo mdogo, ukirudiwa kwa maelfu ya kilomita, huila diski mahali palepale mpaka unene wake haulingani tena. Pedi zinapoibana, sehemu nene huisukuma pistoni nyuma na sehemu nyembamba huiachia, nguvu ya breki ikipanda na kushuka. Tofauti ya milimita 0.02, pungufu ya nusu ya unene wa unywele, inaweza kutosha kuhisiwa kwenye usukani. Ndiyo maana diski zako zilikaa kimya miezi kadhaa kabla ya kuanza kulalamika.

Kinachoiweka diski upande mara nyingi ni kutu kwenye uso wa habu. Chembe ndogo karibu na katikati huzaa myumbo mkubwa zaidi ukingoni, ambako pedi zinabana. Gari langu lilipokuwa na tabia kama ya lako, diski ya kushoto ilikuwa ikiyumba zaidi ya milimita 0.1, na baada ya kusugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikaonekana, hasa kuzunguka mashina ya bolti ambako kutu hujificha, diski ileile ilishuka chini ya 0.05. Hata hivyo ilibidi diski zote mbili zikerezwe, yaani zichongwe kwa mashine ziwe sawa, kwa kuwa kusafisha habu huondoa chanzo lakini hakurudishi chuma kilichokwisha kuliwa.

Kupima myumbo huu kunahitaji geji ya saa, kifaa chenye ncha na mshale kinachoonyesha myumbo mdogo sana, ambacho kwa maoni yangu kingepaswa kuwa mkononi mwa kila fundi anayefunga diski. Gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake, ikaze diski kwenye habu kwa nati zote, weka ncha ya geji kama milimita 10 kutoka ukingoni, uzungushe taratibu. Magari mengi hutaka myumbo usiozidi milimita 0.05 hivi, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukizidi, weka alama mahali panapopanda zaidi, ihamishe diski kwa tundu moja la bolti, upime tena: alama ikihama pamoja na diski, kosa ni la diski, mpando ukibaki mahali palepale pa habu, tatizo ni habu au beringi, na hakuna diski mpya itakayokuokoa. Unene pima kwa maikromita, kifaa cha kupima unene mdogo, katika sehemu kama 8 kuzunguka diski, na usikereze kupita kiwango cha chini ambacho aghalabu huwa kimepigwa chapa kwenye diski yenyewe.

Ukiwa umefungua, kagua pini za kalipa, kwani zikikwama pedi hubaki zikisugua na gurudumu hilo huwa la moto kuliko mwenzake. Bushi (raba za viungo) za mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, zikiwa zimepasuka, hazianzishi mtetemo huu, ila huukuza mno.

Wakati wa kurudisha, safisha mafuta ya kuzuia kutu kwenye diski kama ni mpya, kisha uzizoeshe pedi kwa kupunguza mwendo mara kadhaa bila kusimama kabisa. Ukisimama na kukandamiza kanyagio wakati diski ni za moto sana, pedi huacha tabaka lake mahali pamoja na mtetemo huanza upya. Nati za magurudumu zikazwe kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa spana inayopima nguvu na kwa kiwango cha mtengenezaji. Bunduki ya upepo ikikaza nati moja kupita kiasi na kuiacha nyingine, inaweza kuirudisha diski upande hata juu ya habu safi.