Uliza Nikujibu: Mabibo yanaoza chini ya mkorosho, naomba nijue waini

Msimu umeanza na meseji zenu zimenijaa kweli kweli. Mwezi huu maswali mengi yanahusu waini ya mabibo, kwahiyo ya keki na ya pilau nimeyaweka pembeni kwanza, wenye nayo mnisamehe tutakutana toleo lijalo. Nimefurahi mno maana hili jambo nalipenda toka moyoni na kila mwaka naumia nikipita mashambani nikaona mabibo yametandazika chini yanakanyagwa tu. Bibo moja lina uzito mara 5 mpaka 10 ya korosho yake, sasa fikiria tunachotupa hapa Mtwara na Lindi kila msimu. Haya tuanze.

Dada shikamoo. Niko Tandahimba, mikorosho tuliachiwa na wazee, korosho tunaokota mabibo tunaacha yanaoza mpaka nzi wanajaa. Mwaka huu nilienda Nane Nane pale Ngongo Lindi nikaonja waini ya mabibo nikaipenda sana. Mimi sijawahi kutengeneza hata togwa. Naanzia wapi, na naomba usinitajie vifaa vya kuagiza nje. – Kijana wa Tandahimba

Marahaba mdogo wangu. Hamna cha kuagiza nje, ila kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujafika popote: waini sio uraka. Uraka unakamua leo, kesho watu wanakunywa, umechacha wenyewe kwa hamira ya porini iliyokuja na bibo na hewa inaingia inatoka. Waini unachagua wewe hamira gani ifanye kazi, unaizibia hewa, afu unasubiri miezi. Hiyo ndo tofauti yenyewe, na wanaoshindwa wengi ninaowaona ni kwenye kusubiri na kwenye usafi, kukamua kila mtu anaweza.

Anza kidogo, lita 4 tu, ikiharibika hujapoteza kitu kikubwa. Amka mapema uokote mabibo yaliyoanguka usiku ule ule, magumu bado, hayajapasuka wala kuliwa na wadudu. La jana liache maana bibo likilala siku moja linakuwa limeshaanza kuchacha lenyewe. Kilo 8 hivi ukikamua kwa mkono utapata lita 4 au zaidi kidogo. Korosho itoe kwa kuizungusha taratibu mpaka iachie, usiikate wala kuiponda karibu na matunda, yale mafuta ya kwenye ganda yanaunguza ngozi na hayatakiwi kabisa kwenye kinywaji. Na vaa nguo ya shamba, doa la bibo unajua mwenyewe halitoki.

Osha, katakata, kamua kwenye kitambaa cheupe kisafi. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula au sufuria ya stenlesi, usitumie ndoo ya bati wala sufuria ya aluminiamu wala chuma chenye kutu, asidi ya matunda inakula chuma na ladha inaharibika.

Sasa ukakasi. Ukinywa juisi ya bibo ilivyo inakaba koo, na huo ukakasi ukiuacha unaingia nao kwenye waini. Pika uji mwepesi wa mchele usio na chumvi wala sukari, upoe kabisa, uuchuje, weka nusu kikombe kwa kila lita ya juisi, koroga, acha itulie sehemu yenye ubaridi. Hapa ukae uangalie maana inapendeza: juisi inaanza kufanya mawingu, baadae mawingu yanashikana vipande vipande kama maziwa yanayoganda, yanashuka chini taratibu na juu panabaki maji ya njano yanayopitisha mwanga. Yale ya juu ndo unayoyataka, yamimine polepole, ya chini mwaga. Mara ya kwanza kuona vile nilimwita mama mkwe aje aangalie, na yeye na umri wake wote chini ya mikorosho hakuwahi kuona juisi ya bibo angavu kiasi kile.

Ukishapata juisi safi ipashe moto, isichemke, ifike pale inapoanza kutoa moshi na kidole hakivumilii, ishikilie hapo dakika 10 ili hamira ya porini ife. Weka sukari gramu 400 kwa lita 4, koroga iyeyuke. Kwanini 400? Gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja zinatoa kilevi asilimia 1, na juisi ya bibo ina sukari yake ya gramu 100 na kitu kwa lita, ukiongezea 100 nyingine kila lita unafika karibu asilimia 12, na waini ya asilimia 12 inajihifadhi yenyewe. Ukipunguza sana sukari inakuwa dhaifu inaharibika, ukijaza sana hamira inachoka katikati unabaki na sharubati yenye kilevi.

Ipoe mpaka iwe vuguvugu. Dumu la maji la lita 5 au 6 lioshe na sabuni, afu lisuuze na maji lita 4 yenye kijiko kimoja cha chakula cha Jik, afu maji yaliyochemshwa yakapoa. Mpira, faneli, kijiko, kila kitakachogusa juisi kipite humo. Mimina juisi usijaze, acha nafasi maana povu litapanda. Weka hamira (kipimo kiko kwenye jibu linalofuata), mdomoni vesha puto ulilolitoboa na sindano tundu moja, funga na rababendi. Gesi itatoka kwenye katundu, hewa haiingii. Kama una mpira mpya wa dripu pitisha kwenye kifuniko, ziba pembeni na nta, ncha ya nje izame kwenye chupa ya maji, utaisikia usiku ikisema blup, blup, blup, mimi huwa nalala vizuri nikiisikia.

Joto la kwetu la Novemba ni shida, waini inapenda nyuzi 18 mpaka 24 hivi na huku mchana tunazidi 30. Kalishe dumu kwenye beseni la maji, lifunike na khanga iliyolowa ambayo ncha zake zinagusa maji, weka chumbani kwenye giza na upepo kidogo. Khanga inanyonya maji inapoa, dumu linapoa nalo.

Wiki moja mpaka mbili puto litalala. Vuta waini kwa mpira uhamishie dumu lingine safi dogo kidogo, lijae mpaka karibu na mdomo safari hii, yale mashapo meupe ya chini yaache. Rudisha puto, kaa nayo wiki 6 mpaka 8. Ikiwa angavu unaona mkono wako upande wa pili na hamna hata kapovu, ndo weka kwenye chupa, afu miezi 3 usiiguse. Najua ni ngumu, ila ukiionja mwezi wa kwanza utasema nimekudanganya na ukiionja mwezi wa nne utanitafuta kunishukuru.

Hamira ya mandazi inafaa au mpaka ile maalumu? Masasi hapa nimezunguka maduka yote sijapata. – Mama wawili, Masasi

Inafaa mama, anza nayo, ile kavu ya punje. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, iamshe kwanza kwenye kikombe cha maji vuguvugu yenye sukari kidogo, ikitoa povu ndani ya dakika 15 iko hai, isipotoa tupa nunua nyingine. Maji yasiwe ya moto utaiua. Ya mandazi inachoka mapema ikifika asilimia 10 au 12 na inaacha harufu ya mkate kidogo, ukihamisha mapema kutoka kwenye mashapo harufu inapungua. Ile ya waini ukimpata mtu anakuja kutoka Dar mwagize, pakiti ndogo ya gramu 5 inatosha lita 20 na zaidi.

Waini yangu ilianza vizuri mwezi wa pili ikawa chachu inachoma pua kama siki. Nilikuwa naichungulia kila siku kuona maendeleo. Naiokoaje? – Newala

Pole sana, na jibu umeliandika mwenyewe, kila siku. Kila ukifungua unaingiza hewa, na kuna bakteria wanaosubiri hiyo hewa tu wageuze kilevi kuwa siki, na vile vijidudu vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu vinawabeba miguuni. Haiokoleki kuwa waini tena, sukari utaweka na haitasaidia. Ila usimwage! Iache wazi ufunike na kitambaa, mwezi mmoja hivi utakuwa na siki ya mabibo nzuri sana ya kachumbari na ya kuwekea pilipili. Mwakani nafasi ya juu kwenye dumu iwe ndogo na tumia chupa ya kioo au dumu linalopitisha mwanga uchungulie kwa nje.

Dada nilifunga chupa 6 nikaziweka uvunguni, usiku wa manane tukasikia bunduki, chupa 2 zimepasuka, vioo mpaka kwenye neti. Nimekosea wapi? – Nachingwea

Mshukuru Mungu hamna aliyeumia, mimi pia yalinikuta mwaka wangu wa kwanza, kipande cha kioo kilichoma mlango wa kabati kikabaki kimesimama pale, na watoto walikuwa wamelala chumba hicho hicho, sijawahi kusahau. Ulifunga mapema, hamira ilikuwa bado ina sukari ya kula, gesi ikakosa pa kutokea. Zile 4 zilizobaki vaa nguo nzito, funika na blanketi lililolowa, fungua kifuniko taratibu mkono ukiwa ndani ya blanketi, na watoto wasiwepo. Zote rudisha kwenye dumu na puto. Kujua kama imeisha kweli jaza chupa moja ya plastiki ya soda uifunge ikae siku 7 sehemu ya joto, ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe bado, ikibonyea kawaida endelea. Na usiongeze sukari ya utamu wakati wa kufunga, ndo kosa la wengi, ongeza kwenye glasi unapokunywa.

Mume wangu ananitisha kuwa pombe ya kienyeji ina sumu inapofusha macho. Ni kweli na hii waini? – Mtwara Mikindani

Shemeji anasema jambo la maana ila si la waini. Ile sumu inaitwa methanoli, kwenye waini ya matunda ipo kidogo mno haina madhara kwa anayekunywa kiasi. Wanaopofuka na kufa mara nyingi ni kwa pombe iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, na nipa, ile pombe kali ya kukinga mvuke, ya uchochoroni hujui aliyeipika kaweka nini. Kwahiyo usije ukashawishiwa kuichemsha waini yako na kukinga mvuke iwe kali, hiyo ni gongo, sheria inakataza na mimi sifundishi hata ukiniomba vipi. Hapa tunachachusha na kusubiri, basi.

Nikishaweza naweza kuuza? – Ruangwa

Ya kunywa nyumbani na wageni ni yako. Kuuza ni habari nyingine, unahitaji leseni ya vileo kutoka halmashauri na bidhaa ithibitishwe na TBS, wale wa viwango, chupa iwe na lebo, na mahali unapotengenezea pawe pamekaguliwa. Usiogope, nenda ofisi za SIDO waulize, wanasaidia wajasiriamali wadogo kupita huko. Na TARI Naliendele pale Mtwara, hao ndo wenye utafiti wa korosho na wamekuwa wakifundisha watu bidhaa za mabibo ikiwemo waini, mafunzo yakitangazwa wahi. Ila tengeneza misimu miwili kwanza, uweze kutoa dumu la tano likafanana na la kwanza.

Assalaam alaikum dada. Mimi ni Muislamu pombe siingizi ndani kwangu, lakini mabibo nayaonea huruma kama wewe. Mie nifanyeje? – Bibi wa wajukuu, Kilwa

Waalaykumu salaam, na shikamoo bibi yangu, swali lako nimelipenda kuliko yote. Juisi ile ile ya uji wa mchele niliyoeleza juu, weka sukari na ndimu, ni tamu na vitamini C yake inazidi ya chungwa mara kadhaa. Ila bibi inyweni siku hiyo hiyo au iweke friji mara moja, ukiiacha mezani mpaka kesho na joto hili itaanza kuchacha yenyewe bila wewe kutaka. Jamu nayo nzuri: chemsha vipande dakika 5 kwenye maji ya chumvi kidogo, yale maji mwaga ndo yenye ukakasi, afu pika na sukari na ndimu mpaka ishike kijiko.

Na kochoko, yaani mabibo makavu, bibi unaijua kuliko mimi, ukikausha ni ya kutafuna kama tende, si lazima iende kwa wapika pombe. Kata bibo bapa, anika kwenye kichanja juu ya wavu usiweke chini kwenye mchanga, geuza asubuhi na jioni mpaka ukiminya lisitoe maji wala kunata, na wingu likionekana tu ingiza ndani maana ikinyeshewa mara moja inaota ukungu. Wajukuu waambie wageuze wao, kazi ya siku kadhaa hiyo, na wataanza kuila kabla haijakauka.